Tangazo la Kujazia Nafasi

Kama unataka kujua watu wanakudharau kiasi gani, fanya kazi kwenye gazeti la bure.

Kulichukua watalichukua. Watalitandika chini ya kizimba cha kasuku, watafungia glasi wakihama nyumba, watawashia makaa ya kuchomea soseji. Halafu watakuangalia usoni na kukuuliza, "Sasa wewe hasa kazi yako ni nini?" Mimi niliwahi kuulizwa na daktari wa meno, mikono yake yote miwili ikiwa kinywani mwangu.

Gazeti letu liliitwa Honi. Lilitoka kila Jumatano, Milwaukee nzima na vitongoji vyake, nakala elfu arobaini na tano kwenye masanduku mekundu ya chuma yaliyosimama kona kwa kona. Kurasa za mbele tuliwachokoza wakubwa. Za katikati tuliwaambia watu bendi gani inapiga baa gani. Na nyuma kabisa ulikuwepo ukurasa uliotulisha sote: matangazo ya wapweke wanaotafuta wenzao. Ukurasa huo ulikuwa wangu, mimi Bernadette Kubiak, tangu mimi na chuo kikuu tulipochokana mwaka wa tatu.

Ukurasa wa wapweke una sheria moja: haukai na tundu. Jumatatu alasiri, kama tangazo la mteja halijafika, unaandika upuuzi wowote unaoenea pale ili Marguerite, mpangaji wetu wa kurasa, ajue ukubwa wa nafasi. Juu ya upuuzi huo unaweka alama tatu za X, nene, nyeusi. Maana yake: hii ni takataka, ing'olewe kabla ya kwenda kiwandani. Ofisi nzima ilikuwa inasubiri takataka zangu. Duane wa mauzo alikuwa anazisoma kwa sauti, kasimama juu ya kiti.

Jumatatu ile ya Oktoba niliandika takataka nzuri kuliko zote za maisha yangu. Nilikuwa nimefika mwisho, kidole kiko juu ya herufi ya X, simu ikalia.

"Mpenzi," akasema Kurt. "Kaa chini."

"Nimekaa."

"Mama amekubali. Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Samaki wa kukaanga, mkate mweusi, kabichi, kila kitu. Anataka kukuona."

Nilipiga kelele mpaka Marguerite akamwaga kahawa. Miezi minane, jamani! Miezi minane nimeposwa na mwanaume ambaye mama yake namjua kwa picha tu, na pete ya bibi yake naivaa nikivuka daraja kwenda kazini na kuivua nikirudi kwa baba, ng'ambo ya kusini kwa Wapolandi wa viwandani. Baba yangu, mstaafu wa kiwanda cha kuyeyusha chuma, alikuwa ameshatoa hukumu yake zamani. "Hao Dettmann wauza mapazia wanavalisha madirisha nguo," alisema. "Watu wazima na akili zao. Na huyo kijana anakuficha kama chupa ya brandi."

Mimi nikamjibu, "Baba, wewe humjui."

Basi kwa ile furaha nikasahau X zangu tatu. Tangazo la mteja halikuja. Marguerite aliona nafasi imejaa, hakuna alama, akaupeleka ukurasa. Na Jumatano saa nne asubuhi, nimeshika kikombe mgahawani Brady Street, nikafungua Honi bado ina joto la kiwanda, nikakutana na maneno yangu mwenyewe:

*MAMA, mwenye duka la mapazia kwenye mtaa wa miti mirefu, anamtafutia mwanawe (31) mke. Kijana ana afya, ana meno yote, hajawahi kufua. Soksi zake nampigia pasi mwenyewe na nitaendelea. Mwombaji ajue kukaa kwenye kochi lenye nailoni bila kulifanya lilie. Asitoke ng'ambo ya kusini. Akitoka, asiseme. Piga simu, acha ujumbe sanduku la sauti 4471.*

Nikakisukuma kikombe pembeni.

Duka la mapazia kwenye mtaa wa miti mirefu ni moja tu mji mzima. Dettmann na Wanawe, Downer Avenue, tangu babu yao alipotoka Ujerumani na shuka moja. Na habari ya soksi nilikuwa nimeipata kwa Kurt mwenyewe, kaninong'oneza kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, siku aliyonikuta nacheka soksi zake zina mkunjo wa katikati kama suruali ya hakimu. Alinipa siri, mimi nikaifanya mzaha wa kumfurahisha Duane. Hilo nalikubali. Nilikuwa nawadharau watu wake wasionijua, na dharau ni kama pilipili kichaa, mkono ulioishika usijifute nao jicho.

Nikatoka mbio. Akili ilinituma jambo moja tu: nitembee sanduku kwa sanduku, nibebe kila nakala iliyo karibu na Downer kabla mama yake hajaiona. Mwandishi wa Honi anaiba Honi! Marguerite angezimia.

Sanduku la kwanza, tupu.

Nikapepesa macho. Honi huisha Ijumaa, si Jumatano saa nne na nusu. La pili, tupu. Nikaanza kujisikia vizuri kidogo, Mungu anisamehe, nikadhani hatimaye tumependwa. La tatu, mbele ya duka la viatu, lilikuwa limefunguliwa mlango, na mwanaume mrefu mwenye koti la kijivu alikuwa ameinama ndani yake kama anamtoa paka. Nyuma yake gari jeupe la mizigo, ubavuni limeandikwa DETTMANN NA WANAWE, MAPAZIA.

"Kurt?"

Alijigonga kichwa. Akageuka na bunda zima kifuani, wino umempaka mpaka kwenye kola.

"Berni! Usiguse kitu. Upande huu nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Yote. Brady, Farwell, Oakland Avenue mpaka mwisho. Masanduku thelathini na mawili." Alikuwa anahema, nywele zimesimama, macho yake ya buluu yanawaka kama mtoto aliyeuzima moto aliouangalia ukianza. "Verna wa kaunta hulisoma lile la kwenu kila Jumatano kabla hatujafungua. Saa moja na nusu kanipigia simu, anacheka hapumui. 'Kurt, wamekutangaza.' Nikakimbia. Mama yuko saluni mpaka saa nane, Jumatano ni siku yake ya nywele. Saa nane akirudi, hakuna nakala hata moja kati ya hapa na nyumbani."

"Umeamka ukakusanya magazeti mji mzima kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya nani mwingine?"

Niseme ukweli. Kama mngeniambia wakati ule nimfuate Kurt Dettmann kwenda kuuza mapazia kwenye ncha ya dunia, ningeuliza tu kama nichukue koti. Nikamshika uso kwa mikono yote miwili, nikambusu pale pale mbele ya duka la viatu, mabunda yametubana katikati. Nilipomwachia, kwenye shavu lake la kushoto palikuwa na alama ya kidole gumba changu, nyeusi, kamili na mistari yake. Sikumwambia. Ilimpendeza.

Tukaingia garini. Nyuma lilikuwa limejaa Honi mpaka darini. Sijawahi kuona kazi yangu kwa wingi ule. Ilinuka kama pipa la lami.

"Hukukasirika?" nikauliza.

"Nilikasirika mpaka Farwell. Halafu nikacheka." Akanikamata mkono. "Sikiliza, nimeshapanga. Ijumaa usitaje kabisa hili gazeti. Akikuuliza kazi, wewe sema bustani."

"Bustani gani?"

"Ukurasa wa bustani." Akawasha gari, akalizima tena. "Si unajua Mama. Ilibidi niseme kitu. Nilimwambia unafanya Gazeti Kubwa. La kila siku. Ukurasa wa bustani, ndani, wale wasioandikwa majina."

Nilihisi mkono wangu uliomo mkononi mwake unapoa wenyewe.

"Lini ulimwambia?"

"Mwezi wa pili. Wa tatu."

"Kurt, mimi nimewahi kuua ua la plastiki."

"Ndiyo maana nikasema wale wasioandikwa majina, usiulizwe sana. Tena nimeshakutafutia njia. Bwana mmoja rafiki yake Mama ana mtu huko Gazeti Kubwa. Ukiingia kweli, mpaka Krismasi uongo utakuwa si uongo tena. Unaona?"

Alisema kwa upole, kama anamweleza mteja kwamba kitambaa alichokipenda kinapauka juani. Na mimi nikakumbuka siku tuliyokutana. Mwezi wa pili wa mwaka uliotangulia, sanduku limeganda kwa barafu, mimi nasukuma, yeye akaweka mguu ukutani akavuta mlango, tukaanguka wote wawili kwenye theluji. Akanipa nakala ya juu, akachukua ya chini, akaikunja vizuri akaificha ndani ya Gazeti Kubwa. "Dukani nalisoma hivi," akaniambia, akakonyeza. Nilicheka. Mwanamke akishapenda, hata onyo linamchekesha.

"Na jina?" nikauliza. "Jina langu umemwambia?"

Akatazama usukani.

"Kurt."

"Nililirekebisha kidogo tu."

"Kwa kiasi gani?"

"Kubach."

"Kubach?"

"Linafanana! Linasikika... la Kijerumani, la upande wetu zaidi. Kubiak Mama angejua mara moja ni ng'ambo ya kusini. Nilitaka akupende kwanza, Berni, halafu ndiyo ajue."

"Angempenda nani? Mtunza bustani Kubach? Huyo mwanamke hata mimi simjui! Umeniletea pete, umemposa mwingine!"

"Na wewe?" Sauti yake ilipanda. "Nani kaandika mambo ya soksi? Nilikwambia kwa mapenzi, wewe ukanipeleka kwa watu elfu arobaini na tano!"

Hapo alinipata. Nje mama mmoja alisukuma kigari cha mtoto, akafungua sanduku tupu, akachungulia, akaufunga mlango taratibu kama mtu aliyekuta msiba.

"Nisamehe," nikasema. "Soksi, nisamehe. Nilikosea, na Ijumaa nitamwambia mama yako mbele ya samaki wake. Lakini haya magazeti tunayarudisha."

"Nini?"

"Yote. Sasa hivi."

"Berni, ni gazeti la bure! Mtu haibi kitu cha bure!"

"Bure ni nakala moja, Kurt. Ukibeba zote umewaibia wote. Kuna mtu humu anatafuta mpiga ngoma kwa ajili ya Jumamosi. Kuna bibi wa miaka sabini na nne, ameandika tangazo mara sita kabla ya kuthubutu kulileta, anatafuta mzee wa kucheza naye karata. Leo ndiyo siku yake. Wewe umemfungia garini."

"Na mimi je?"

"Wewe una mimi."

Aliniangalia kwa muda mrefu. Mwanaume huyu alikuwa na namna ya kutazama, yaani taratibu, kuanzia kidevuni kwenda juu, hata ukiwa na hasira unajikuta umekaa vizuri. Kisha akashuka, akazunguka nyuma, akarudi na bunda.

"La kwanza hili hapa," akasema. "Tukifungwa kwa wizi, huko soksi wanazipiga pasi?"

Saa mbili zilizofuata ndizo sijui niziweke wapi. Tulirudi Oakland, tukarudi Farwell, yeye anafungua, mimi natia, anapiga mlango kwa goti. Kwenye sanduku la kumi akaanza kulisoma lile tangazo kwa sauti ya mama yake, pua juu, "asitoke ng'ambo ya kusini, akitoka asiseme," mpaka mzee aliyekuwa anasubiri nakala yake akasema, "Kijana, huyo namjua, ni mama mkwe wangu." Kwenye la ishirini alikaa ukingoni mwa barabara akilia kwa kicheko. "Kochi, Berni! Linalia kweli! Mjomba Ewald akikaa, wageni huangalia pembeni!" Nikakaa karibu yake, bega kwa bega, wino mikononi, nikafikiri: mwanaume huyu yupo. Yupo ndani humo. Anahitaji kutolewa tu, kama nakala ya chini kwenye barafu.

"Nakupenda, Kubiak," akasema, na jina akalitamka lote.

Ningeweza kufa pale, na hadithi ikaisha vizuri.

Ila lilibaki sanduku moja. Downer Avenue, mbele ya dirisha lenye mapazia ya rangi ya maziwa, hatua nne kutoka mlango wa Dettmann na Wanawe. Saa saba na dakika ishirini. Nikabeba bunda la mwisho, nikampa.

"Hili liache," akasema.

"Kwa nini?"

"Moja tu, Berni. Thelathini na moja nimerudisha."

"Thelathini na moja yalikuwa ya watu. Hili ndilo langu."

"Anapita hapa! Kila siku anapita hapa!"

"Basi apite. Mimi nipo. Nitasimama nimwambie jina langu na kazi yangu, soksi nimuombe radhi. Wewe huna haja ya kusema neno. Weka tu."

"Siwezi."

"Kurt, weka."

"Nimesema siwezi. Usinilazimishe."

"Sijawahi kukuomba kitu. Naomba hiki. Weka."

Akalikumbatia lile bunda kama mtu anayezuiwa kupanda meli na mzigo wake. Akatikisa kichwa.

"Hata hajaliona," akanong'ona. "Bado hajaliona, tunaweza..."

"Nimeliona."

Bibi Dettmann alikuwa amesimama nyuma yetu, koti la rangi ya bahari iliyochafuka, nywele za fedha zimepangwa upya wimbi kwa wimbi, hakuna unywele uliokuwa na ruhusa ya kutikisika. Mkononi ameshika Honi, imekunjwa kwenye ukurasa wangu.

"Mama!" Kurt akasema. "Umetoka mapema!"

"Ningekaaje, kila aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele ananisomea soksi? Saluni wanaletewa nakala ishirini kila Jumatano, Kurt. Miaka kumi sasa. Umezunguka mji mzima, mahali ambapo mama yako amekaa hukupakumbuka."

Kisha akanigeukia. Akanipima kuanzia viatu. Nimedharauliwa na wengi, nimeshasema, na wengi wao wanafanya kazi hiyo ovyo ovyo. Huyu alikuwa fundi.

"Wewe ndiye Kubach."

"Kubiak, Mama. Bernadette Kubiak. Nimezaliwa ng'ambo ya kusini, nafanya kazi kwenye gazeti hilo ulilolishika, na tangazo hilo nimeliandika mimi. Lilikuwa mzaha wa ofisini, lilitoka kwa bahati mbaya. Naomba radhi."

"Bustani?"

"Sijui hata jembe linashikwa upande gani."

Akavaa miwani. Akasoma upya, polepole, kidole kinafuata mistari, kana kwamba anakagua hesabu ya fundi cherehani.

"Soksi napiga pasi, ni kweli. Kochi lina nailoni, ni kweli, na litabaki nayo. Watu wa kusini siwapendi, ni kweli, wanaongea sana." Akanyanyua macho. "Ila ana miaka thelathini na miwili. Tangu mwezi wa tatu. Ungeuliza."

"Alinidanganya, Mama."

"Naona hilo ndilo alilojifunza vizuri." Akamgeukia mwanawe. "Nani kamwambia huyu habari za soksi?"

Nilimtazama Kurt. Alama ya kidole changu ilikuwa bado shavuni mwake. Nilimwombea, mjue. Mimi nisiyeenda kanisani tangu kipaimara, niliomba mbele ya duka la mapazia: aseme tu "mimi."

"Sijui, Mama," akasema. "Labda Verna."

Verna, masikini, alikuwa ndani anakunja vitambaa, anatupungia mkono dirishani.

Bibi Dettmann hakushangaa. Nadhani hilo ndilo lililoniuma zaidi, alikuwa amezoea. Akaangalia bunda lililokuwa kifuani pa mwanawe.

"Hayo ni ya wapi?"

"Ya... ya hapa, Mama. Ya kwenye sanduku."

"Unataka watu wa mtaa huu waseme Dettmann ameogopa karatasi ya bure? Weka."

"Ndiyo, Mama."

Na akaweka.

Hivyo tu. Hakupepesa. Mlango akaufungua kwa mkono mmoja, bunda akaliingiza kwa mwingine, akaligonga pembeni kwa kiganja mpaka kingo zikalingana, akafunga. Kitu nilichokiomba kwa machozi yaliyofika kwenye kope, kitu alichosema hawezi, kilichukua sekunde nne.

Hapo nikajua. Nilidhani nagombania mwanaume na mama yake. Kumbe hakukuwa na mwanaume wa kugombania. Palikuwa na nafasi, na mimi nimeandikwa humo ili isikae na tundu.

Nikavua pete. Kurt alinyoosha mkono, nikaupita, nikaiweka kwenye kiganja cha Bibi Dettmann.

"Hii ni yako, Mama. Na huyu pia."

"Berni, ngoja," Kurt akasema. "Berni, tuongee."

"Ongea na Verna."

Bibi Dettmann aliifunga pete kwenye kitambaa chake kwanza, ndipo akasema, "Samaki wa Ijumaa nimeshaagiza wa watu watatu."

"Namba ya sanduku la sauti iko chini ya tangazo. Sikiliza, Mama, labda kuna aliyepiga."

Nikafungua lile sanduku jekundu, nikachukua nakala moja. Moja tu. Nikavuka barabara, kichwa juu, koti linapepea, kutoka kwangu kumenipendeza mwenyewe.

Ila gari langu lilikuwa Brady Street. Ukitaka kumwacha mtu kwa heshima, usitegemee basi. Kituo kiko mkabala na duka. Dakika kumi na moja nilisimama pale, uso kwa uso nao, barabara katikati, najifanya nasoma.

Aliniita mara moja tena. "Berni!" Akashusha mguu mmoja barabarani. Moyo wangu, mpumbavu yule, ukasimama. Kisha akageuka kumwangalia mama yake, aone kama inaruhusiwa, na mguu ukarudi juu wenyewe.

Machozi yalinitoka hapo. Yalidondoka kwenye ukurasa wangu, juu ya tangazo la bibi wa karata, na wino ukaanza kutambaa.

Basi lilipokuwa linakuja, niliwaona kwa mara ya mwisho. Bibi Dettmann alikuwa ametoa kitambaa kingine mkobani. Akakigusa ulimini, akanyoosha mkono kuelekea shavu la kushoto la mwanawe, lenye alama ya kidole changu, hakufika.

Kurt akainama ili afikie.